Kupitia shairi na kuliachia: mwongozo kwa anayeanza kutunga

Ukimaliza kutunga usiku, vina vimekaa na mizani imetimia, mkono utakuwasha ulitume shairi usiku huo huo: kwa jamaa kwenye simu, kwa mtangazaji wa kipindi cha mashairi, kwa mhariri wa ukurasa wa washairi gazetini. Usilitume. Kazi iliyobaki ni kubwa kuliko uliyokwisha kuifanya, na mwongozo huu ni wa hiyo iliyobaki.

Mfano wangu utakuwa shairi moja nililomtungia marehemu baba, aliyekuwa nahodha wa jahazi la kubeba boriti hapa Amu, yaani Lamu. Nililianza na beti 17. Lililosomwa mwishowe lilikuwa na beti 7. Zile 10 zilizotoka hazikuwa mbovu zote, na ndiyo maana kuzitoa kuliniuma. Ni shairi la tarbia, mishororo minne kila ubeti, mizani (yaani silabi) 8 ukwapi, kipande cha kwanza cha mshororo, na 8 utao, kipande cha pili, lakini atungaye utenzi, wimbo au hata hadithi anaweza kuzifuata hatua hizi kwa kubadilisha kidogo.

Hatua ya 1: Andika mpaka mwisho

Siku ya kwanza usifute kitu. Ukikosa neno la kina, piga mstari mtupu uendelee mbele. Usichomeke neno lolote kwa sababu tu linaishia na silabi unayoitaka. Neno hilo likishakaa siku mbili litajifanya mwenye nyumba, na kulitoa itakuwa vita. Andika ukurasa wa kulia tu wa daftari, wa kushoto uache kwa marekebisho. Tia tarehe.

Hatua ya 2: Lilaze kutoka bamvua hadi bamvua

Sisi watu wa visiwani tuna kalenda ya bure. Bamvua, maji yajaapo kupita kiasi, huja mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, na kati ya bamvua moja na nyingine kuna siku kama 15, katikati yake maji mafu, yasiyojaa sana. Nikimaliza mswada wa kwanza naufunga, na siufungui mpaka maji yajae tena mpaka kwenye ngazi za gati kama yalivyojaa siku niliyouandika.

Siku 15 si nyingi. Lakini zinatosha kwa sikio lako kusahau ulichokusudia kusema, na hapo ndipo utakapoanza kusikia ulichokisema hasa. Ukilisoma kesho yake, akili itajaza yenyewe yale ambayo hayapo kwenye karatasi. Utaona machozi pale ambapo msomaji ataona maneno manne ya kawaida.

Katika siku hizo tunga kitu kingine, au usitunge kabisa. Ila usimsomee mtu yeyote. Ukisifiwa mapema, masikio yataziba.

Hatua ya 3: Linakili upya kwa mkono

Usifungue daftari la zamani uanze kukwaruza juu yake. Chukua karatasi safi, uliandike shairi lote tangu mwanzo.

Hapa Amu tuna mfano wa mtu aliyeishi kwa kunakili. Muhamadi Kijumwa, aliyefariki 1945, alikuwa mtunzi, mwandishi wa hati ya Kiarabu na mchonga nakshi, na tenzi nyingi za wakale zimetufikia kwa sababu alikaa akazinakili herufi kwa herufi. Kila nikimfikiria huwa nawaza alivyozijua tenzi zile: mkono wake ulipita juu ya kila neno. Nami nimeona kwenye kazi yangu ndogo kwamba mkono una uamuzi wake. Ukifika kwenye ubeti ulio hai, unakwenda. Ukifika kwenye ubeti ulioutia kwa kujaza tu, utahisi uvivu wa ghafla, utataka kunywa chai, utakumbuka kuna mtu hujampigia simu. Weka alama ndogo pembeni mwa ubeti huo, uendelee. Usiamue lolote bado.

Simu haina uvivu huo. Inabeba ubeti mzima kwa kidole kimoja, mbovu na mzuri sawasawa. Kwa hiyo ukitungia kwenye simu, hatua hii uifanye kwa kalamu hata kama nyingine zote unazifanyia huko.

Hatua ya 4: Uliza huyu ni wa nani

Hii ndiyo hatua iliyonigharimu zaidi, na ningependa uikalie.

Baada ya beti za kufungulia, ubeti wangu wa kwanza wa kumlilia baba ulikuwa huu:

*Ewe baba wa thamani, uliyekuwa hodari,*
*Sifa zako duniani, zilienea dhahiri,*
*Umetutoka jamani, kwa kudura ya Jabari,*
*Tutakukosa nyumbani, hadi siku ya safari.*

Uhesabu utakavyo: hauna guni, yaani kasoro ya vina au mizani. Mizani imetimia kila kipande, vina vya kati ni -ni, vya mwisho ni -ri, kuanzia juu mpaka chini. Nilijivuna nao. Nikampelekea bibi mmoja jirani yetu Langoni, mtunzi wa nyimbo za vugo, zile za wanawake arusini, tangu ujana wake, mtu ambaye hajawahi kusoma kitabu cha arudhi, kanuni za utunzi, lakini ukikosea silabi moja atainua kichwa. Nilimsomea nikiwa nimekaa barazani, yeye akichambua mchele kwenye uteo.

Hakuinua kichwa. Nilipomaliza akauliza, "Mwanangu, huyu ni babako au ni baba wa watu?"

Sikuelewa. Akaendelea na mchele wake, kisha akauliza tena, "Tanga lake li wapi sasa?"

"Li chumbani, bibi. Mama hataki liuzwe. Bado linanuka chumvi. Akifagia hulizunguka."

"Basi mbona hilo hukulitia?"

Nilirudi nyumbani usiku ule nikiwa na hasira, na ilinichukua siku tatu hasira iishe. Kisha nikakaa nikaandika:

*Tanga lako li chumbani, bado lanuka bahari,*
*Kamba ziko ukutani, zangoja yako safari,*
*Mama hufagia ndani, hulipita kwa hadhari,*
*Kusi yaja mlangoni, yakuuliza: tayari?*

Vina ni vile vile na mizani ni ile ile. Tofauti ni kwamba ubeti wa kwanza ungeweza kusomwa kwa baba yeyote aliyewahi kufariki, na ndiyo maana haukumgusa hata jirani aliyemjua baba kwa miaka 40. Wa pili una chumba, una fagio, una mwanamke anayezunguka kitu sakafuni. Neno "hodari" limeondoka na hakuna aliyelikosa. Neno "tutakukosa" limeondoka, na sasa anayelisikia shairi ndiye anayemkosa.

Kwa hiyo fanya hivi. Chukua kila ubeti peke yake, ufunike zilizobaki kwa karatasi, ujiulize: je, huu ungeweza kuwa wa mtu mwingine, wa mji mwingine, wa msiba mwingine? Kama jibu ni ndiyo, usijaribu kuupamba. Weka kalamu chini, umweleze mtu kwa maneno ya kawaida kile unachotaka kusema, kwa mdomo, bila kina wala mizani. Asikilize akuulize maswali. Mara nyingi shairi limo kwenye jibu la swali la pili.

Kwa kipimo hiki, mbali na ule wa kwanza nilioubadilisha, beti nyingine nne zilitoka moja kwa moja. Zote zilikuwa za sifa.

Hatua ya 5: Punguza milango

Watunzi wa pwani tumelelewa kuanza kwa jina la Mungu na kumaliza kwa kujitaja. Katika utenzi wa beti mia hiyo ni adabu na ni uzuri, na simwambii mtu auache. Lakini mimi katika shairi la beti 17 nilikuwa na beti tatu za kuomba idhini na auni, na mbili za mwisho za kutaja jina langu, mtaa wangu na unyonge wangu. Beti tano katika 17 zilikuwa ni za kuingia na kutoka. Nilizitoa zote. Siku ya kusoma niliomba dua kwa mdomo kabla ya kuanza, watu wakaitikia amin, na shairi likaanzia kwenye tanga.

Hatua ya 6: Kikate unachokipenda kuliko vyote

Kila mswada una mshororo mmoja ambao mtunzi wake anauimba njiani. Wangu ulikuwa huu:

*Mbao sifa ulipaka, nami sifa nakupaka.*

Asiyekulia karibu na vyombo huenda asiipate: sifa ni mafuta ya papa yanayopakwa mbao za jahazi ili zisile maji wala kupasuka kwa jua, na sifa ni sifa. Baba alikuwa akirudi nyumbani na harufu hiyo mikononi. Nilipolipata neno hilo moja likibeba maana mbili, tena kwa mizani 8 kwa 8, niliona nimefika. Niliwasomea marafiki. Niliupanga ubeti mzima kuuzunguka mshororo huo.

Dada yangu, aliposikia, akakunja uso. "Unampaka baba? Kwa mgongo wa chupa?"

Nilikasirika. Nikamweleza habari ya mafuta ya papa. Akasema anajua habari ya mafuta ya papa, yeye ndiye aliyekuwa akifua kanzu za baba. Lakini sikio lake lilikuwa limeshasikia kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa, yaani kumhadaa kwa maneno matamu, na hilo haliondoki likishasikika. Niliutetea mshororo huo kwa miezi miwili. Na kila nilipoutetea nilikuwa nimesimama pembeni ya shairi nikilieleza.

Hiyo ndiyo alama ya kwanza ya kuangalia: mshororo unaokutaka uwepo ili uueleze. Alama ya pili ni ngumu zaidi kukiri. Nilipowasomea marafiki, walipofika hapo walitabasamu na kuniangalia mimi. Mpaka kwenye ubeti wa tanga walikuwa na baba; hapo walimwacha wakaja kunisifu. Shairi la maombolezo lilikuwa limegeuka kuwa maonyesho ya werevu wangu.

Namna ya kufanya jaribio ni hii. Lisome shairi bila mshororo huo mbele ya mtu ambaye hajawahi kuusikia. Usimwambie umetoa kitu. Akikuuliza, "Hapa katikati kuna kitu kimekosekana?", urudishe. Asipouliza, umepata jibu. Mimi nilimsomea mjomba, aliyekuwa ametoka safari. Alinyamaza muda, akasema, "Lile fagio." Hakuuliza kitu kingine. Ubeti wa sifa ukatoka, na kwa huo zikatimia 10.

Lakini usiuchane. Mimi nina mkebe wa biskuti ninaowekea vijikaratasi vya mishororo niliyoikata, kila kimoja na tarehe yake. Ni rahisi zaidi kutoa kitu ukijua kina mahali pa kukaa, mkono hautetemeki. Usiahidi kuvitumia siku moja, maana utaanza kutunga mashairi mapya ili upate kuvichomeka. Viache humo. Vyangu vingi bado vimo.

Hatua ya 7: Sasa hesabu mizani

Utauliza kwa nini hesabu imekuja huku mwishoni. Ni kwa sababu nilipoteza jioni nzima kwenye ule ubeti wa kwanza. Niliandika "kwa amri ya Jabari", nikahesabu a-m-ri silabi tatu, jumla 8. Niliyempa asome akatamka "am-ri", ikawa 7, akajikwaa. Nikatafuta mpaka nikapata "kudura". Baada ya hapo ubeti wote niliutoa. Usisuguliwe msasa ubao utakaotupwa.

Mpe mtu mwingine asome kwa sauti, nawe ushike nakala yako na kalamu. Kila akijikwaa, tia alama. Usimsahihishe hata kama ni yeye aliyekosea, kwa sababu atakayesoma baadaye atajikwaa hapo hapo. Kumbuka kwamba "m" inayosimama peke yake ni silabi kamili: m-la-ngo-ni ni nne. Lakini "mb", "nd" na "ng" huungana na irabu inayofuata: mba-o ni mbili. Maneno ya kukopa yenye konsonanti mbili pamoja, kama hilo amri, yaepuke pale unapotaka uhakika.

Kuhusu ruhusa za mtunzi, yaani inkisari (kufupisha neno), mazda (kulirefusha), tabdila (kubadili sauti yake bila kubadili mizani) na kuboronga sarufi (kupindua mpangilio wa maneno), zitumie kama chumvi. "Yako safari" katika ubeti wa tanga ni kuboronga. Niliiacha kwa sababu nilitaka neno "safari" likae mwisho. Na kama unatunga kwa Kiswahili cha kawaida, usikimbilie "nti", "moya" na "ndiya" (nchi, moja na njia) za Kiamu, lahaja yetu, pale tu kina kinapokutesa. Ama shairi lote liseme Kiamu, ama liache.

Hatua ya 8: Jua siku ya kusimama

Mchonga milango ana bahati moja ambayo sisi hatuna: patasi hairudi nyuma. Akishachimba ua kwenye mbao ya mbambakofi hawezi kulifukia, kwa hiyo marekebisho yake yote huyafanya kwenye mchoro wa penseli, na akianza kugonga anajua kuna mwisho. Karatasi inasamehe kila kitu. Ndiyo maana nawajua watu wazuri kabisa, wenye vipawa kunishinda mimi, ambao wamelipitia shairi moja miaka sita na halijasikiwa na mtu.

Utajua umefika kwa jambo hili: jana ulibadilisha neno, leo umelirudisha. Kesho utalibadilisha tena. Marekebisho yakianza kuzunguka namna hiyo, shairi halikui tena, unalichosha. Pale kwenye "hulipita kwa hadhari" nilijaribu maneno mengine kwa muda wa wiki nzima, na kila asubuhi nilirudi kwenye hadhari.

Weka tarehe, na tarehe hiyo uitangaze kwa mtu. Wanaounda vyombo Matondoni hungoja bamvua ndipo wakishushe chombo majini, kwa kuwa maji mafu hayafiki pale kilipo. Wakiikosa, ni kungoja nyingine. Hilo linawafanya wamalize kalafati, kuziba nafasi kati ya mbao. Niliwaambia nyumbani kwamba shairi litasomwa mwaka wa baba ukitimia, na likasomwa, na kuna neno moja kwenye ubeti wa sita ambalo mpaka leo sijaridhika nalo.

Hatua ya 9: Liachie

Ukishalisoma au kulituma, usiandamane nalo. Usimpigie mtangazaji kumweleza ubeti wa tatu unamaanisha nini. Usilitume tena wiki ijayo ukiwa umebadilisha neno. Nakala za tenzi za kale hazifanani zote. Ubeti umo katika nakala hii na katika ile haumo, neno moja hapa limekuwa jingine kule, kwa sababu zilipita mikononi na midomoni mwa watu, na watu walizibeba kwa namna walivyozipenda. Zisingebebwa, zisingefika.

Mwaka jana nilikwenda Matondoni kumjulia hali mzee mmoja aliyewahi kuwa baharia wa baba. Mjukuu wake alikuwa chini ya jahazi lililopandishwa, akishindilia pamba kati ya mbao kwa nyundo na patasi butu, na alikuwa akiimba ili nyundo ifuate. Nilichukua muda kuutambua ubeti wa tanga. Kijana hakunijua, wala hakujua shairi limetoka wapi. Alipofika kwenye kamba hakusema "zangoja yako safari". Alisema "zangoja kwenda safari".

Mizani 8. Nikahesabu mara mbili kwa vidole ndani ya mfuko wa kanzu. Mzee akaniangalia, akataka kumwambia mjukuu wake kwamba mwenyewe yupo hapa, nikamshika mkono. Tukakaa juu ya gogo tukimsikiliza mpaka akaumaliza ubao, akahamia wa pili, akaanza tena kutoka juu.